Fundi, Msanii na Maana ya Kazi: Historia ya Riziki Itokanayo na Sanaa katika Arua na Koboko, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya watu waliotafuta riziki kwa sanaa katika eneo la Nile Magharibi nchini Uganda, hususani Arua na Koboko, tangu zama za kambi za askari mwishoni mwa karne ya 19 hadi sasa. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili kiliingia katika eneo hili kikiwa lugha ya kambi, kodi na mshahara, hivyo kikaja na maana finyu ya neno kazi. Shughuli za wapigaji wa adungu na wasusi wa mikeka na makawa hazikuingia ndani ya maana hiyo, ingawa ziliendesha maisha ya kaya nyingi. Makala yanaonyesha jinsi ufinyu huo ulivyorithiwa na taasisi na baadaye na sera, na yanapendekeza kwamba mradi wa sasa wa kukieneza Kiswahili nchini Uganda ni fursa ya kuurekebisha.

1. Utangulizi

Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Miaka 17 kabla ya hapo, marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikuwa yamekipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili. Tangu uamuzi wa 2022, mjadala umeelekezwa zaidi kwenye idadi ya walimu, upatikanaji wa vitabu na gharama. Hayo ni mambo ya lazima. Hata hivyo, lugha inapoingia darasani haiingii mikono mitupu. Huingia na msamiati wake wa kuwapanga watu: nani ni mfanyakazi, nani ni fundi, nani ni msanii na nani hana kazi.

Suala hilo lina uzito wa pekee katika Nile Magharibi. Arua, iliyopandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, ni kitovu cha Walugbara na njiapanda ya biashara iendayo Kongo na Sudan Kusini. Koboko, wilaya iliyomegwa kutoka Arua mwaka 2005, ni nyumbani kwa Wakakwa, nayo imekaa mahali ambapo mipaka ya Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Sudan Kusini inakutana. Katika masoko ya miji hii miwili husikika Kilugbara, Kikakwa, Kialur, Kinubi, Kilingala, Kiarabu cha Juba, Kiingereza na Kiswahili. Ni eneo ambalo kwa muda mrefu limetajwa katika maandishi kwa mambo mawili: askari na vibarua. Mark Leopold, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu Nile Magharibi, anaonyesha jinsi sifa ya ukali ilivyobandikwa watu wa eneo hili kwa zaidi ya karne moja. Makala haya yanaitazama historia hiyohiyo kutoka upande wa tatu, yaani upande wa wale walioishi kwa mikono na sauti zao.

2. Lugha ya kambi na maana ya kazi

Baada ya utawala wa Emin Pasha katika jimbo la Equatoria kuporomoka, mabaki ya askari wake walijikusanya Kavalli, kusini-magharibi mwa Ziwa Albert. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua kwa niaba ya kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikijitanua Uganda. Pamoja na wake, watoto na wategemezi wengine, msafara huo ulizidi watu 8,000. Askari hao na vizazi vyao ndio waliokuja kuitwa Wanubi. Walikuwa sehemu ya msingi wa Uganda Rifles, jeshi lililoundwa mwaka 1895, na kisha wakaingizwa katika King's African Rifles mwaka 1902.

Eneo la Arua na Koboko lenyewe lilipitia mikono mitatu katika muda mfupi. Lilikuwa ndani ya Lado, ardhi aliyokodishiwa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji kwa muda wa uhai wake. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata ardhi hiyo ikakabidhiwa Sudan. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini ikahamishiwa Uganda, na A. E. Weatherhead akafungua makao ya utawala Arua. Pamoja na bendera ilikuja kodi, na kodi ililipwa kwa fedha. Wilaya ikageuzwa kuwa hazina ya nguvukazi: vijana waliingia jeshini na polisi, au walisafiri kwenda kukata miwa katika mashamba ya Lugazi na Kakira.

Katika safari hizo zote Kiswahili kilikuwa lugha ya amri na ya hesabu. Ndani ya jeshi ilizuka lahaja rahisi ambayo watafiti Mungai Mutonya na Timothy Parsons, katika makala yao ya 2004, wameijadili kwa jina la KiKAR. Askari na kibarua waliporudi nyumbani, walirudi na maneno kama askari, zamu, ruhusa, kodi, mshahara na kazi. Yote yalikuwa maneno ya lazima, lakini hili la mwisho ndilo lililobeba mzigo mkubwa kuliko mengine. Katika Kiswahili cha pwani, kazi ni neno pana: kupika ni kazi, kulima ni kazi, kusuka mkeka ni kazi. Katika Kiswahili cha kambi na cha shamba la miwa, kazi ilikuwa na alama tatu: mtu aliandikwa na mwingine, aliondoka kwao, na alilipwa mwisho wa mwezi. Aliyebaki nyumbani akichonga au akisuka hakuwa na hata moja kati ya alama hizo.

Hali ingeweza kuwa tofauti kama Kiswahili kingekita mizizi mashuleni. Gavana William Gowers alijaribu kukifanya lugha ya elimu na utawala kupitia waraka wake wa mwaka 1927, lakini mpango huo ulipingwa vikali, hususani Buganda na katika duru za wamisionari. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika orodha ya lugha zilizotambuliwa kwa elimu nchini Uganda. Matokeo yake ni kwamba katika Nile Magharibi lugha hii iliendelea kuishi kambini, sokoni na barabarani, bila darasa la kuipa upana wake wa kifasihi. Vizazi viwili au vitatu vilikijua Kiswahili cha kuamuru na kununua, bila kukutana na Kiswahili cha malenga na manju.

3. Kinubi, adungu na mshahara wa kwanza wa muziki

Kuna mkutano wa maneno unaostahili kutazamwa. Katika Kiswahili sanifu, na katika Biblia ya Kiswahili, kinubi ni ala ya nyuzi anayopigia mwimbaji wa zaburi. Katika Arua na Koboko, Kinubi ni lugha ya Wanubi, krioli iliyojengwa juu ya Kiarabu na kulelewa kambini. Hoja hapa si asili ya neno. Hoja ni kwamba eneo linalofahamika kwa Kinubi cha kambini ndilo pia lenye kinubi kinachojulikana kuliko vyote nchini Uganda, yaani adungu ya Waalur, jirani wa Walugbara upande wa kusini. Adungu ni mwili wa mti uliochimbwa na kuwambwa ngozi, wenye shingo iliyopinda kama upinde na nyuzi zinazotoka kwenye shingo hadi kwenye kiwambo. Waalur wana pia agwara, pembe za mti zinazopigwa kwa makundi, ambapo kila mpigaji huchangia sauti yake chache na wimbo hukamilika kwa wote kupokezana.

Malipo ya wapigaji hawa kabla ya uchumi wa fedha yalikuwa chakula, pombe na heshima, nayo yalikuja kwa msimu wa mavuno, matanga na arusi. Yalikuwa malipo halisi, ila hayakuweza kulipa kodi. Mtu wa kwanza katika eneo hili kupokea mshahara wa mwezi kwa sababu ya kupiga ala ya muziki alikuwa, kwa vyovyote, mwanabendi wa jeshi au wa polisi. Yeye hakuhesabiwa kuwa msanii. Alikuwa askari mwenye tarumbeta, mwenye namba, sare na kiinua mgongo. Kwa hiyo kielelezo cha kwanza cha muziki wa kulipwa kilimfundisha kijana wa Nile Magharibi kwamba njia ya kuishi kwa muziki inapita lango la kambi.

Njia ya pili ilifunguliwa na kanisa na shule. Adungu ilitengenezwa kwa saizi mbalimbali, kuanzia ndogo yenye sauti nyembamba hadi kubwa ya besi, ikafuata ngazi ya sauti saba inayoweza kubeba nyimbo za ibada. Ala iliyokuwa ya mtu mmoja ikawa ala ya kundi. Kundi la Ndere, lililoanzishwa na Stephen Rwangyezi mwaka 1984, ni miongoni mwa waliozoesha hadhira ya Kampala ala na ngoma za kila pembe ya nchi. Leo adungu husikika kanisani, hotelini na katika mashindano ya shule mbali sana na mto Nile. Lakini ala haikusafiri na watu wake wote. Mchongaji aliyeitengeneza kijijini huuza mara moja, ilhali anayeipiga jukwaani huuza kila jioni. Pengo hilo kati ya anayetengeneza na anayetumbuiza halijapata kuzibwa na sheria yoyote.

Ala nyingine za eneo hili hazikupata bahati hiyo. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza muziki na ngoma ya odi, ala ya nyuzi ya Wamadi yenye mwili wa bakuli, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Mara nyingi hatari hiyo huelezwa kuwa ni vijana kuzipa kisogo mila. Maelezo hayo hayatoshi. Kijana haachi ala kwa sababu tu inaonekana ya kizamani. Huiacha pia pale anapomwona mzee aliyeijua vyema kuliko wote akifa bila akiba.

4. Wasusi wasio na majina

Wakati mwanamume wa Kinubi alikuwa na namba jeshini, mwanamke wa Kinubi alikuwa na ukindu. Ususi wa mikeka, vikapu na makawa ya kufunikia chakula, kwa chane zilizotiwa rangi kali, ni miongoni mwa alama zinazotambulisha nyumba ya Kinubi popote jamii hiyo ilipo, iwe Bombo, Arua, Koboko au Kibera. Kawa lililosukwa vyema huonyeshwa kwa mgeni, hupambwa ukutani na huingia katika vifaa vya arusi. Pia huuzwa.

Ni vyema kuitazama kazi hii kwa macho ya mchumi kabla ya kuitazama kwa macho ya mpenda urembo. Majani hukatwa, hukaushwa na kuchanwa. Rangi hununuliwa kwa fedha taslimu, na chane huchemshwa ndani yake. Ususi hufanyika katika vipande vya muda vinavyobaki baada ya kupika, kuchota maji na kulea. Kwa kuwa muda huo haukuandikwa popote, haukupata bei, na mnunuzi hupatana kana kwamba analipia majani tu. Hata hivyo, mapato hayo yalikuwa na sifa ambayo mshahara wa askari haukuwa nayo: yalibaki mikononi mwa mwanamke. Mume alipohamishwa kikosi, alipostaafu au alipouawa, mshahara ulikoma au ulichelewa, lakini ukindu uliendelea kuota bondeni.

Taasisi za sanaa za kikoloni ziliiona kazi ya namna hii bila kumwona mtendaji wake. Mwaka 1937 Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa Makerere, na shule iliyotokana na juhudi zake bado ina jina lake. Mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann, aliyekuwa mkuu wa Jumba la Makumbusho la Uganda, walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za makabila ya Uganda. Kitabu hicho ni hazina, na watafiti bado wanakitegemea. Lakini jina lake lenyewe linalitaja kabila kuwa ndilo lenye ufundi. Hivyo zikazaliwa njia mbili: mwanafunzi wa Makerere aliweka jina lake pembeni ya picha na kupata cheti, ilhali msusi wa kijijini alitiwa katika kabati la makumbusho kwa jina la kabila lake. Wa kwanza aliitwa msanii. Wa pili aliitwa utamaduni.

Ulinganisho na Zanzibar unasaidia. Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, na kabla ya kuhamia mjini mwaka 1911 alitembeza vyungu akiviuza. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na baadaye Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Mtu huyohuyo mmoja alikuwa na kazi mbili za sanaa. Historia inaikumbuka sauti kwa jina, ilhali vyungu vilivunjika bila jina. Tofauti haikuwa katika kipawa, bali katika kuwapo kwa kampuni iliyolichapa jina kwenye santuri na mwandishi aliyeliandika kitabuni. Wasusi wa Arua na Koboko hawakupata kampuni wala mwandishi.

5. Fahari na uhamisho, 1971 hadi 1986

Mapinduzi ya tarehe 25 Januari 1971 yalimweka madarakani Idi Amin, Mkakwa mwenye asili ya Koboko aliyeingia King's African Rifles mwaka 1946. Kwa watu wa Nile Magharibi, na kwa Wanubi hasa, lango la kambi likafunguka zaidi. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Utamaduni ukawa jambo la fahari ya dola: kundi la taifa la ngoma, Heartbeat of Africa, lililoundwa miaka ya 1960, liliendelea kuiwakilisha nchi, na muziki wa dansi ulipigwa hata na bendi za vikosi vya jeshi.

Ni rahisi kukiita kipindi hiki neema kwa wasanii, kwa kuwa dola ililipa. Lakini mkono uliolipa ndio uliodai. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia na kiongozi wa Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, alikamatwa na kuuawa baada ya kurudi kutoka Lagos, alikokwenda na tamthilia yake Oluyimba lwa Wankoko katika tamasha la FESTAC. Tukio hilo linawahusu watunga sera wa leo moja kwa moja. Msanii asiye na mlipaji mwingine ila dola hana pa kukimbilia dola inapomgeukia.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Mwaka 1980 mapigano na kisasi cha majeshi yaliyofuata vilisababisha watu wengi mno wa Nile Magharibi kuvuka mpaka na kuingia Zaire na Sudan. Barbara Harrell-Bond, katika kitabu chake cha 1986, aliyachunguza maisha ya wakimbizi wa Uganda huko Yei na kuonyesha kuwa misaada iliyopangwa kwa ajili yao mara nyingi haikutambua uwezo wao wa kujipangia maisha. Funzo hilo lina maana maalumu katika mada hii. Mkimbizi huacha shamba, nyumba, ng'ombe na mshahara. Havuliwi ujuzi wa vidole wala wa koo. Katika daftari la msaada aliandikwa kuwa mtu wa kulishwa, hali vidole vyake vilijua kusuka na kuchonga. Katika miaka hiyohiyo vijana waliokulia upande wa Zaire walizoea Kilingala na gitaa lake, na wa upande wa Sudan wakazoea Kiarabu cha Juba. Waliporejea nyumbani, hasa tangu 1986, ladha ya muziki wa Arua na Koboko ilikuwa imepata lugha zaidi kuliko ilizoondoka nazo.

6. Redio, umeme na barabara

Riziki ya sanaa baada ya kurejea ilitegemea mambo matatu ambayo kwa kawaida hayatajwi katika makongamano ya sanaa. La kwanza ni redio. Vituo vya mikoani vilivyofunguliwa baada ya utangazaji kuwekwa huria katika miaka ya 1990 vilihitaji nyimbo, matangazo na michezo ya kuigiza katika lugha za wenyeji. Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza 2004, ilishinda tuzo ya BBC kwa redio za Afrika mwaka 2007. Mwanamuziki wa Kilugbara sasa aliweza kusikika nyumbani bila kwanza kukubaliwa Kampala, takribani kilomita 500 kutoka Arua. Kusikika, hata hivyo, si kulipwa.

La pili ni umeme. Kwa miongo mingi Nile Magharibi haikuunganishwa na gridi ya taifa, na mji uliendeshwa kwa jenereta kwa saa chache. Kituo cha Nyagak, chenye uwezo wa megawati 3.5, kilianza kuzalisha mwaka 2012. Studio ya kurekodi, cherehani ya umeme na mashine ya kuchapa fulana hazitenganishwi na historia ya nguzo na nyaya. Kijana aliyesemwa kuwa hana bidii mara nyingi alikuwa hana soketi.

La tatu ni barabara. Lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, yenye urefu wa kilomita 92, iliyaunganisha masoko ya mipaka miwili. Pamoja na wafanyabiashara walikuja wakimbizi, safari hii kutoka Sudan Kusini. Makazi ya Bidi Bidi wilayani Yumbe, yaliyofunguliwa Agosti 2016, yalifikisha wakazi zaidi ya 200,000 na kuwa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani. Ndani yake kimejengwa kituo cha muziki na sanaa kilichosanifiwa na kampuni za Hassell na Localworks. Wajukuu wa waliokimbilia Yei sasa ni wenyeji wa waliokimbia kutoka Yei, na safari hii kuna angalau jengo moja linalokiri kwamba mkimbizi ana sauti.

Upande wa sheria, Uganda ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi mwaka 2006, ikichukua nafasi ya ile ya 1964. Inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Chama cha kukusanya mirabaha ya muziki, UPRS, kimekuwapo tangu 1985. Sheria hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, inamhitaji mtunzi ajulikane kwa jina na aweze kuthibitisha kuwa kazi ni yake. Mwimbaji wa redioni anaweza kuingia humo. Msusi wa kawa, ambaye mtindo wake ulitoka kwa bibi yake na utaigwa na jirani kesho, hana mlango.

7. Neno na sera

Historia hii inaonekana wazi katika maneno matatu yanayotumika leo. La kwanza ni fundi. Ni neno lililoenea hata katika lugha jirani za Uganda, na lina heshima kubwa: fundi hupimwa kwa kazi yake. Lakini katika matumizi ya mjini limebana likabaki kwa mwashi, seremala, fundi cherehani na fundi wa magari, ambao wengi wao ni wanaume. La pili ni msanii. Neno hili lina heshima jukwaani, ila usanii katika Kiswahili cha siasa na cha mitaani, Kenya na Tanzania, umepata maana ya ulaghai. Afisa wa mikopo anayeambiwa kuwa mwombaji ni msanii husikia maana zote mbili. La tatu ni mjasiriamali, neno la semina na miradi, linalomtambua mtu kwa mtaji wake na si kwa ujuzi wake.

Sera hufuata maneno. Mpango wa Emyooga, ulioanzishwa 2019, ulichukua jina lake kutoka neno la Kibantu linalomaanisha fani au ujuzi wa kujipatia riziki. Mpango huo uliwapanga wananchi kwa fani zao: waendesha bodaboda, maseremala, washonaji, wasusi wa nywele, mafundi magari na wengine, wakiwamo wasanii wa maonyesho. Hapo mpigaji wa adungu amepata jina katika daftari la dola, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini msusi wa makawa hana kundi la ufundi wake. Njia iliyo karibu naye ni kundi la wanawake wajasiriamali. Yaani anahesabiwa kwa jinsia yake, si kwa ufundi wake. Mpango mkubwa zaidi wa maendeleo ya parokia, uliozinduliwa Februari 2022 na kutenga shilingi milioni 100 kwa kila parokia, umejengwa juu ya orodha ya mazao na mifugo. Katika parokia ya Koboko, mwanamke anayesuka vizuri anaweza kulazimika kujiandikisha kama mfugaji wa kuku ili akopeshwe. Akishaandikwa hivyo, takwimu za mwaka unaofuata zitasema kwamba katika parokia hiyo kuna wafugaji tu, na mpango utakaofuata utawahudumia wafugaji.

Tanzania inatoa mfano wa njia nyingine. Edward Said Tingatinga alianza kuuza picha zake Oyster Bay, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, na alifariki mwaka 1972 akiwa na wanafunzi wachache tu. Wanafunzi hao na ndugu zao waliendelea kufanya kazi pamoja, na mwaka 1990 wakawa chama cha ushirika. Walichokipata kwa ushirika si soko tu. Walipata jina la pamoja linalotambulika bila kufuta majina yao binafsi, kwa sababu kila mchoraji huweka sahihi. Mpangilio huo unakidhi haja ambayo sheria ya hakimiliki pekee haikidhi: mtindo ni wa wote, kazi ni ya mmoja.

Kutokana na mjadala huu, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, waandishi wa vitabu vya Kiswahili vya shule za Uganda wanapotunga sura juu ya kazi na wafanyakazi, wamweke msusi na mchongaji wa adungu karibu na daktari na rubani, na walirudishie neno fundi upana wake wa asili. Pili, madaftari ya mipango ya mikopo yawe na safu ya ufundi iliyo tofauti na safu ya jinsia na ya kilimo, ili mtu aweze kuandikwa kwa anachokijua. Tatu, vyama vya ushirika vya wasusi na watengeneza ala visaidiwe kusajili alama za pamoja, na kila kazi itoke ikiwa na jina la aliyeitengeneza.

8. Hitimisho

Kiswahili kilifika Arua na Koboko kikiwa kimevaa sare. Hilo halikuwa kosa la lugha, kwani lugha huvaa inachovishwa. Kwa karne moja kilimfundisha mtu wa Nile Magharibi kwamba kazi ni ile inayokuondoa kwenu, na chini ya mwavuli wa fundisho hilo watu wengi waliendelea kuishi kwa ukindu, ngozi, mti na sauti bila kuhesabiwa. Historia yao haikupotea kwa kukosa thamani. Ilikosa neno la kuandikiwa.

Sasa lugha ileile inarudi kwa mlango wa darasa. Mtoto wa Koboko atakayefundishwa kwamba kinubi ni ala anastahili kufundishwa pia kwamba anayeitengeneza ana kazi. Akijifunza hivyo, huenda siku moja atakapoulizwa na karani mama yake anafanya kazi gani, hatajibu kuwa yuko nyumbani tu.